Aliyeupa Mpira Mgongo

Kwa miaka kumi na miwili alikwenda uwanjani kila Jumamosi ya mechi, na katika miaka yote hiyo hakuona hata bao moja likiingia wavuni. Kazi yake haikumruhusu. Alikuwa mlinzi wa jukwaa, mmoja wa wale wanaovaa jaketi la rangi ya machungwa na kusimama chini kabisa, kando ya uzio, wakiwatazama mashabiki. Mpira uko nyuma yako. Wewe unatazama watu. Siku ya kwanza msimamizi wao aliwaambia, "Atakayegeuka kuangalia mchezo, wiki ijayo asijisumbue kuja," na yeye hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili.

Mashabiki walimwita Shangazi. Hakuna aliyekumbuka nani alianza. Jukwaa lake lilikuwa lile la upande wa jua, lisilo na paa, lenye ngazi za saruji badala ya viti, na humo ndimo walimokaa wenye kelele zao. Mchezo aliusoma kwenye nyuso. Wakinyanyuka kidogo kutoka kwenye saruji, timu yao inashambulia. Wakishika vichwa kwa mikono miwili, mpira umegonga mwamba. Wakianza kuchunguza viatu vyao, wamefungwa.

Siku nyingine za wiki alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kuanzia saa moja asubuhi. Mashuka yanaingia mlango huu, yanatokea ule, na katikati kuna mashine za kukaushia zinazopumua joto usoni kama mtu mwenye homa. Kule anasimama, na Jumamosi anasimama tena. Jumapili alikaa kitandani akiwa ameweka miguu juu ya mto, akitazama dari, asiwaze lolote.

Mtoto alikuwa naye mmoja, wa kiume. Baba yake alifariki mtoto akiwa darasa la tatu. Kijana alikua mpole, mwembamba, akawa mwalimu wa hesabu, na kwa sababu ambayo mama yake hakuielewa kamwe, akapenda uamuzi wa mpira. Wenzake walitaka kufunga mabao. Yeye alitaka kusema lipi si bao. Alianza na viwanja vya vumbi visivyo na mistari, kibendera chake kikiwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, akapanda ngazi polepole, mpaka akawa mshika kibendera wa ligi kuu.

Mambo uwanjani yalikuwa yanaharibika kwa muda mrefu. Watu walipungua. Wanawake waliokuwa wakija na watoto wao waliacha, mmoja mmoja, bila kuaga. Chupa zilianza kuruka. Mwishowe klabu ikaadhibiwa kucheza mechi moja bila mashabiki, na katibu wa klabu akawaita walinzi wote kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye haraka, simu mbili mkononi.

"Nataka uwanja uchangamke," alisema, "ila uchangamke kwa adabu. Hamasa bila fujo. Tumeelewana?"

Wakasema wameelewana. Wiki iliyofuata alileta spika kubwa nne, kila moja kimo cha mtu mzima, zikafungwa kwenye kona za uwanja. Kona ikipigwa, muziki. Mchezaji akiumia, muziki. Mpira ukitoka nje, muziki hadi vifua vinatetemeka.

Shangazi, kwa kuwa alikuwa akiwatazama, aliona kilichotokea. Zamani jukwaa lile liliimba. Aliyeimbisha alikuwa fundi wa majokofu aliyeitwa Honi, mtu mfupi mwenye kifua kipana, ambaye akifungua mdomo uwanja mzima unajua yupo. Honi alikuwa na nyimbo za kila mchezaji, hata kipa wa akiba ambaye hajawahi kuvua suruali ya mazoezi. Lakini wimbo unahitaji nafasi ili ukolee, na spika hazikumpa nafasi. Akianza, zinamkata. Akianza tena, zinamkata tena. Baada ya wiki chache akaacha. Kilichobaki kilikuwa matusi, kwa sababu tusi halihitaji kiitikio. Unalitupa tu katikati ya kelele na limefika.

Siku moja Shangazi alimkuta katibu koridoni akamwambia. "Baba, muziki wako umewafunga midomo ya kuimba. Wamebaki na ile ya kutukana."

"Hoja nzuri hiyo, mama," katibu akajibu, akiwa anaandika kitu kwenye simu. Ikaishia hapo.

Basi Alhamisi moja kijana wake alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua begi. "Mama, nimepangiwa mechi ya Jumamosi. Kwenu."

"Upande gani?"

"Wa jua."

Mama akaendelea kumenya viazi. Kijana akamwomba asiende siku hiyo, aseme anaumwa. Mama akamjibu kwamba walinzi wenzake wawili tayari wameomba ruhusa, na upande ule haukai bila mtu anayewajua. Wakabishana kidogo, kwa sauti za chini, kama walivyozoea. Mwishowe wakakubaliana: yeye atawatazama watu, kijana atautazama mpira, na hakuna atakayejua kitu.

"Na usigeuke, mama," kijana akasema. "Hata wakisema nini."

Jumamosi alimsikia nyuma yake. Alizijua hatua zake tangu siku za kibendera cha kitambaa na kaptula. Sasa zilikuwa zikienda kushoto na kulia kwenye nyasi, mita chache tu kutoka alipo. Kipindi cha kwanza kikapita salama. Mapumziko akanywa maji, akasimama tena.

Ilikuwa kama dakika ya sabini. Nyuso zikanyanyuka, midomo ikafunguka, watu wakakumbatiana hata wasiojuana. Bao. Kisha, kidogo kidogo, furaha ikaanza kuwatoka usoni kuanzia wa mbele, macho yakashuka na kutua mahali pamoja, nyuma ya bega lake la kulia. Hakuhitaji kuambiwa. Kibendera kilikuwa juu. Mfungaji alikuwa ameotea.

Yaliyofuata alikuwa ameyasikia miaka kumi na miwili. Yalianza kwa macho ya kijana, yakaenda kwenye akili zake, yakafika kwa mama yake na kukaa hapo. Mama yake anafanya kazi gani. Mama yake alimpata wapi. Mama yake wangemfanya nini. Watu mia tatu, baadhi yao waliompa habari za wagonjwa wao na kumuuliza hali asubuhi ileile. Alisimama, mikono nyuma, kama inavyotakiwa.

Chupa ikapita juu ya kichwa chake. Aliisikia ikidunda kwenye nyasi, na hapo akageuka.

Alichokiona hakikuwa mchezo. Alimwona mwanawe kwa nyuma: shingo nyembamba, kola iliyolowa jasho, kibendera kimeshikwa imara pembeni ya paja. Chupa ilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Hakuitazama. Alisimama vile alivyosimama siku ya maziko ya baba yake, ameelekea mbele, kama mtu anayesubiri ruhusa ya kupumua.

Shangazi akageuka tena, akapanda ngazi za saruji. Hakukimbia, hakuwa na nguvu za kukimbia. Honi alikuwa safu ya sita, amesimama juu ya begi lake la vifaa, mishipa ya shingo imemtoka.

"Honi, shuka."

"Shangazi, niache! Leo niache! Huyu mtoto wa..."

"Malizia."

"Nini?"

"Malizia hilo neno. Mtoto wa nani? Mama yake ni mimi."

Honi akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama vizuri. Akatazama chini kwenye mstari, akamtazama tena, paji la uso, mashavu, ile shingo.

"Yule?"

"Yule. Mtoto wangu wa pekee. Sasa nimekuja ili usipate tabu ya kupaza sauti. Niambie hapa hapa."

Honi akashuka kwenye begi. Akakaa. Aliyekuwa karibu naye akauliza kuna nini, akanong'onezwa, naye akamnong'oneza wa nyuma. Shangazi aliiona habari ikipanda safu kwa safu: vichwa vinageuka, viganja vinafunika midomo, mtu mmoja anavua kofia bila kujua kwa nini. Akarudi chini mahali pake. Dakika ishirini zilizobaki jukwaa lile lilikaa kimya kama chumba cha mtihani. Spika zilipopiga muziki, zilisikika kama harusi ya jirani ambayo hukualikwa. Mechi ikaisha bila bao.

Honi alimsubiri getini, begi begani.

"Shangazi, nisamehe. Yale si kwako. Yale ni maneno ya mpira tu."

"Najua."

"Mbona miaka yote hukusema inakuudhi?"

"Ningesema nini, Honi? Kila anayepita pale chini ana mama yake."

Shangazi alidhani limekwisha. Halikwisha. Habari ilifika kwa kamati ya waamuzi kabla ya Jumatatu. Kijana aliitwa, akaulizwa kwa nini hakueleza kwamba mama yake ni mfanyakazi wa uwanja ule. Uamuzi wake wa kuotea ulikuwa sahihi, walikiri hivyo, walikuwa wameutazama mara kadhaa kwenye picha. Lakini alifungiwa miezi mitatu, na akaambiwa katika uwanja ule hatashika kibendera tena maadamu mama yake yupo. Ndio uwanja mkubwa kuliko vyote. Mechi zote anazoota mwamuzi huchezwa pale.

Kijana alikuja Jumapili ya wiki iliyofuata na barua. Hakupaza sauti; angepaza, ingekuwa nafuu.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, mama."

"Ulirushiwa chupa."

"Narushiwa chupa kila wiki! Ndiyo kazi. Nimezoea. Wewe ndiye ambaye hujazoea."

"Sijazoea," mama akakubali. "Nilidhani nimezoea."

Wakakaa. Bomba la jikoni lilikuwa linadondoka, na kila mmoja alisubiri mwenzake ainuke akalikaze. Mwishowe mama akasema ataacha kazi ya uwanja, ili njia yake iwe wazi. Kijana akatikisa kichwa. Akasema kamati imeshamwandika kwenye daftari lake, na hata mama akiacha kesho itasema wamepanga hivyo wawili. Alipoondoka alimbusu mama yake paji la uso, kama kawaida, lakini wiki tatu hakuja tena.

Hata hivyo Shangazi alilichukua jaketi lake likiwa limefuliwa na kukunjwa, akampelekea katibu. Katibu hakulipokea. Alikuwa amesikia kwamba upande wa jua ulinyamaza dakika ishirini, jambo ambalo polisi kumi hawakuliweza, na kichwani mwake mambo yalikuwa yameshaiva. Alitaka kumpiga picha. Bango kubwa getini, na maandishi: Huyu Ni Mama.

"Hapana," Shangazi akasema. "Uso wangu nauhitaji nyumbani."

"Sasa unataka nini?"

Hakuwa amefikiria kutaka kitu. Alikuwa amechoka, alitaka kukaa, na kiti cha wageni kilikuwa na makaratasi juu yake. Akasema, "Zima spika mpira ukiwa unachezwa. Piga muziki wako kabla, piga wakati wa mapumziko, piga wakiwa wanaondoka. Katikati waachie wenyewe."

Labda kwa kuwa lilikuwa dogo kuliko bango, katibu alikubali.

Honi naye alifanya yake. Aliwakusanya wenzake nje ya geti, akatangaza sheria moja: mwamuzi ataitwa kipofu, ataitwa mbuzi, ataambiwa arudishe miwani ya bibi yake, lakini wazazi wabaki nyumbani kwao. Mechi ya kwanza walijaribu nyimbo za zamani na nusu yao walikuwa wamesahau maneno. Waliimba kama watu wanaopanda ngazi na mizigo. Ya tatu ikawa afadhali. Ya tano, yule kipa wa akiba alisikia wimbo wake, akasimama kwenye benchi akapunga mkono, na jukwaa likaangua kicheko kilichomfikia Shangazi tumboni.

Haikuwa peponi. Wakifungwa mawili, nyimbo hukauka na mtu mmoja huteleza ulimi. Hapo jirani yake humpiga kiwiko, "Shangazi yupo!" na yule hupaza sauti, "Samahani, Shangazi!" mbele ya kila mtu. Hilo nalo lilimchosha kwa namna yake, kuombwa radhi na wanaume wazima mara saba kwa alasiri moja. Lakini wanawake wanne walirudi, kisha tisa. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akakaa safu ya pili, akamuuliza kama hapo ni salama.

"Leo, ndiyo," Shangazi akamjibu. Ya wiki ijayo hakutaka kuyaahidi.

Adhabu ya kijana ilipoisha, wakaanza kumpangia viwanja vya mbali, safari za saa nane, vyumba vya kubadilishia visivyo na maji. Hakulalamika. Ila Jumamosi ya kwanza, kabla giza halijaingia, alipiga simu. Mama alikuwa ndiyo kwanza amefika nyumbani, chai iko mezani.

"Umefika salama?" mama akauliza.

"Salama. Nimekataa mabao mawili."

"Uuu. Wamenitaja?"

Kijana akacheka, kicheko cha kwanza alichokisikia kwake tangu ile barua. "Mara nne. Mmoja anadai anakufahamu kabisa."

"Mwambie namsalimu."

Wakaongea habari za hospitali, za shule, za bomba ambalo bado linadondoka. Kijana akasema Jumapili ijayo atakuja na koleo. Mama akaitikia, akaweka simu mezani, akaegemea ukuta, na usingizi ukamchukua palepale kwenye kiti, chai ikiwa bado inafuka mvuke.