Mashine kuukuu ya Metrine yavuka hadi Mageta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Metrine Nasipwondi anasimama nyuma ya boti yake katika ufuo wa Usenge, Ziwa Victoria, anajifunga leso kiunoni na kuvuta kamba ya mashine. Mashine inakohoa. Anavuta tena. Inatema moshi, inasitasita, kisha inanguruma, na wanawake wanaoanika omena, dagaa wa ziwani, mchangani wanapiga vigelegele kana kwamba ni arusi.

"Mzee ameamka!" mmoja wao anapaza sauti.

Mzee ndiyo hiyo mashine. Rangi imebanduka hadi jina la kampuni limefutika, na aliyemuuzia Metrine alipokea pesa huku akicheka. Metrine ameiendesha kwa miezi miwili tu. Anainama kutazama maji ya kupoza yanayochuruzika kutoka tundu dogo ubavuni mwa mashine.

"Inakojoa vizuri," anasema bila haya hata kidogo. "Ikiacha kukojoa, ujue inaungua."

Leo hana nafasi ya kukosea. Kamati ya ufuo ina sharti lake: boti mpya haibebi abiria mpaka ifike kisiwani Mageta na kurudi bila kuvutwa na boti nyingine. Yake imeshavutwa mara mbili. Ikivutwa mara ya tatu, itabaki kubeba mchanga wa ujenzi. Mjumbe wa kamati, Mama Celestine Adero, ameketi mbele kushuhudia kwa macho yake, jaketi la kuokolea maisha limefungwa hadi kidevuni.

Metrine, mwenye umri wa miaka 38, alizaliwa upande wa Bungoma na kwa miaka tisa aliuza omena mtaani Manyatta, Kisumu. Omena hiyo aliifuata mwenyewe Mageta. Tatizo lilikuwa kurudi, kwa sababu boti za kisiwani haziondoki hadi zijae. Mtu anaweza kukaa ufuoni tangu asubuhi hadi mvua imkute hapo hapo.

"Omena ikilowa, hakuna mtu anakula. Inakuwa ya kuku," anasema. "Nililia, halafu nikauza kwa bei ya kuku."

Msimu mmoja alipoteza magunia sita namna hiyo. Akauza kibanda chake, akanunua boti na Mzee. Majirani walidhani amerukwa na akili.

Mara ya kwanza kuvutwa, gugu maji lilikuwa limeziba njia ya maji ya kupoza mashine, naye hakujua hata pa kutazama. Mara ya pili Mzee alizima tu katikati ya safari. Fundi Zadock Okinyi alifungua kabureta, akasafisha plagi, akafungua tangi kunusa petroli. Pale ufuoni mashine ikawaka kwa mvuto mmoja.

"Mimi sikuona ugonjwa," anasema Zadock. "Nikamwambia, Mama, hii mashine inakuonea wewe tu."

Asubuhi hii Zadock anafuata nyuma kwa boti yake, kwa tahadhari. Na kweli, nusu ya safari haijakwisha, ngurumo ya Mzee inapungua, inakatika, kimya. Boti inaanza kuyumba.

"Yawa! Imezima tena?" Mama Celestine anakumbatia ukingo.

"Nipe dakika moja, Mama."

Zadock anakaribia, kamba tayari mkononi. "Shika hii! Upepo unapanda!"

"Usitupe! Ukitupa nimekwisha!"

Metrine anajilazimisha kufikiri. Maji yalikuwa yakitoka, kwa hiyo mashine haijaungua. Anashika pampu ya mpira kwenye bomba la petroli. Imenywea, bapa kama chapati, na haijai hata akiiachilia. Petroli haifiki. Lakini tangi limeletwa limejaa! Anafungua mfuniko atazame.

Fyuuu! Tangi linavuta hewa kwa pupa, na pampu inavimba mkononi mwake.

Metrine anaangua kicheko hadi anaketi.

Kwenye mfuniko kuna skrubu ndogo ya kuingizia hewa. Petroli yeye huagiza mjini Bondo, na tangi huletwa na bodaboda likiwa limelazwa kwenye keria. Kabla ya kulituma tangi, ili petroli isimwagike njiani, Metrine huikaza skrubu hiyo kwa nguvu zake zote. Kuilegeza akishafika ziwani, hakuna aliyewahi kumwambia. Petroli ikipungua bila hewa kuingia, tangi hugoma. Siku ile Zadock alipofungua mfuniko kunusa, ndipo Mzee alipopata pumzi, akawaka kwa adabu.

"Zadock! Ni hewa! Nimekuwa nikimnyonga mimi mwenyewe!"

"Na mimi nikafungua kabureta bure!"

Anafunga mfuniko, analegeza skrubu, anaminya pampu hadi iwe ngumu. Mvuto wa pili, Mzee ananguruma. Zadock anaikunja kamba yake na kushangilia kama shabiki aliyeona bao.

Mama Celestine peke yake hacheki. "Sijaona ikivutwa," anasema. "Lakini hatujarudi. Enda."

Wanaenda. Wanagusa Mageta, wanageuka, na Mzee hanyamazi hata mara moja mpaka mchanga wa Usenge. Mama Celestine anashuka, anafungua jaketi.

"Ero kamano, Nyasaye," anamshukuru Mungu kwanza kwa Kijaluo. Halafu anamgeukia Metrine. "Nitaambia wenzangu nilichoona. Kesho beba watu. Utaondoka ikijaa?"

"Hapana, Mama. Saa moja kamili. Ijae, isijae."

"Utapata hasara, wewe!"

"Siku zingine, ndiyo," Metrine anakubali, jasho bado likimtoka. "Lakini kule Mageta kuna mtu amekalia magunia yake akitazama mawingu. Nataka ajue boti inakuja."