Jiwe la Mtani Wangu

Kipupwe cha Dodoma hakina adabu. Jua linawaka, na upepo unakung'ata masikio vilevile. Ndiyo miezi tuliyopenda kutembea, sisi wanawake wanne wa ofisi moja. Kila Jumamosi asubuhi tulishukia Zuzu, nje kidogo ya mji, sweta mwilini na kitenge kichwani, tukapita katikati ya mabua ya mtama uliokwisha kuvunwa, tukateremka korongoni, kisha tukapanda kilima cha upande wa pili. Si kilima cha kujivunia, ila ukifika juu unaiona reli na mji wote.

Mwenzetu mmoja hakuwahi kuuona mji huo kutoka kule juu. Alikuwa katibu muhtasi wetu, Mhehe wa Iringa, mtani wangu mimi Mgogo. Katikati ya mlima palikuwa na jiwe bapa, naye akilifikia tu, anakaa. "Nendeni, mtanikuta," husema, huku akifungua chupa ya chai. Tukirudi, karanga zetu zimebaki maganda.

Mwaka aliostaafu, Jumamosi ya mwisho kabla hajarudi kwao, alituambia leo anataka kufika juu. Hakucheka aliposema hivyo. Amekaa Dodoma ujana wake wote, alisema, na hataki kuondoka bila kuiona vizuri.

Kwenye jiwe lile magoti yakamshinda. Akakaa. Wenzangu wakaanza kumbembeleza: "Pole dada, pumzika. Umejitahidi sana." Nikaona machozi yanamlengalenga, nikapandwa na hasira. Huruma ile ilikuwa inamzika akiwa hai.

"Inuka, Mhehe wewe!" nikamfokea. "Mtu umezaliwa milimani, kichuguu cha Wagogo kinakuliza? Nawapigia simu kwenu leo hii, wajue wanaletewa mzigo."

Wenzangu walinikodolea macho. Yeye alinitazama kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Nipishe, mla mlenda," akasema, akasimama.

Alinitukana njia nzima. Alianza na mboga yetu ya mlenda, akahamia kwenye vumbi letu, akamalizia na ukoo wangu, nami sikumwachia hata neno moja bila jibu. Huko juu alishika kiuno, akautazama mji. Halafu akalia, na mimi nikalia. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile tena mlimani.

Mwaka huu nimekwenda tena, na vijana wa ofisini. Wale wa zamani wametawanywa na uhamisho. Nilipofika kwenye jiwe lile, pumzi zikaniishia. Vijana wakanizunguka. "Pole mama, pumzika tu, tutakukuta hapa hapa." Ni watoto wenye heshima, siwalaumu, lakini heshima yao iliniuma kuliko ule upepo. Nilitamani mtu mmoja tu anitukane.

Walipotangulia nikampigia simu mtani wangu, huko Iringa. Alisikia nahema kabla hata ya salamu.

"Umekalia jiwe langu, mla mlenda?"

"Nimelikalia."

"Mgogo mzima unashindwa na kilima cha kwenu! Hebu toka kwenye jiwe langu."

Nikainuka.