Kioo cha Dereva Huachwa Chini

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika hata bisibisi. Chef wa garage, mzee mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, alinisogeza hadi kwenye mlango wa gari kuukuu, akaniamuru nibandike sikio, kidole kwenye kitufe cha kioo.

"Finya bouton. Unasikia nini?"

"Hakuna kitu, chef."

"Basi kazi imeanza. Kama motor inalia na kioo haitembei, kamba ndiyo imekatika. Kama inanyamaza, usiiguse bado. Angalia fusible, angalia bouton, kisha fungua mulango na uifunge pole pole huku unafinya. Motor iko ya mwisho. Siku zote ya mwisho."

Fusible ni kile kiwaya chembamba kinachokubali kuungua ili vingine vipone. Na mlango unachezeshwa kwa sababu nyaya hupita ndani ya mpira penye bawaba. Hukunjwa kila mtu anapoingia na kutoka, na katika gari la zamani hukatikia humo humo, bila dalili yoyote nje.

"Na kama kioo ya chauffeur imekukatalia kabisa," aliongeza, "iache chini. Mvua haiui mutu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini Bunia, lakini barrière, vile vizuizi vya askari, zilibaki barabarani, na kila dereva alishusha kioo mapema ili uso na mikono vionekane. Aliyefika kioo kikiwa juu alihesabiwa kuwa anaficha kitu.

Mimi sijui kukaa pahali pamoja. Baada ya miaka michache nilikwenda Niania, kwenye garage ya lori za mbao. Chef wa huko, mtu mnene aliyekohoa mchana kutwa, alikuwa na adui mmoja tu, vumbi. "Funga! Funga! Mapafu haiuzwe soko!" Kioo kilichokataa tulikiinua kwa mikono, tukakiegemeza kwa kibao cha libuyu, mti mgumu uliojaa pale. Lori zile zilijulikana kwenye barrière kwa honi zao tu, hakuna aliyeuliza kioo. Nikawa bingwa wa vibao, na nilijivuna.

Niliporudi Bunia mzee alikuwa amekwisha kuacha kazi. Sasa chef nilikuwa mimi, kwenye garage ya mtaa wa Mbunya. Mchana mmoja wa mvua akaingia Mama Rachel, mwuza samaki wa Tchomia, na jeep yake ya siku nyingi. Kioo cha dereva kilikuwa kimekwama nusu. Dereva wake, Papa Bahati, alilowa bega la kushoto.

"Fundi, mvua yote ya Ituri imelala mu hii bega."

"Asikudanganye," Mama Rachel akasema. "Ingine ililala mu samaki yangu."

Garage ilijaa. Lori lilisimama karibu mno, mlango ukafunguka nusu tu. Nilibandika sikio, kimya. Fusible nzima, bouton nzima. Mlango sikuweza kuuchezesha, nikairuka hatua hiyo.

"Motor imekufa," nikatangaza, kama daktari. Nikaifungua, nikaiacha imelala ndani ya mlango, nikasukuma kioo juu kwa viganja na kukitia kibao.

"Na kushuka?" Papa Bahati aliuliza.

"Mpaka nipate motor ingine."

Alinitazama. "Na barrière?"

"Utafungua mulango."

Siku ya tatu jeep ilirudi ikivutwa kwa kamba. Mama Rachel alishuka kwenye gari lililoivuta, akasimama mbele yangu, na nilisubiri matusi. Hakutukana. Alisema kwamba kwenye barrière ya njia ya Tchomia walikuta askari wageni. Waliashiria kioo. Papa Bahati alitikisa kichwa. Wakaashiria tena, basi akafungua mlango ghafla, kama nilivyomwelekeza. Risasi moja. Haikumgusa, ilipasua kioo, vipande vikamrukia usoni.

"Jicho ya kushoto imekwisha," alisema. "Chauffeur wa jicho moja, nani atamupa gari?"

Nilikaa juu ya tairi. Nakumbuka nilikuwa nimeshika spana, sikujua ya nini.

Papa Bahati alikuja mwenyewe juma lililofuata, kitambaa usoni, akaketi karibu na jeep. Niliufungua mlango mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. Nikavuta mpira. Waya mmoja ulikuwa umekatika, ncha zake zimeota kutu ya kijani, zimeachana kwa upana wa ukucha. Nikaziunga, nikairudisha motor mahali pake. Nikafinya. Chuma cha kubebea kioo kikapanda, kikashuka, bila kioo, laini kama kipya.

"Iko motor ingine?" aliuliza.

"Ni ile ile, Papa."

Alinyoosha mkono, akafinya mwenyewe. Juu. Chini. Juu. Kisha akaokota kibao changu miguuni pake, akanipa. "Hii ilikamata vizuri," alisema. "Haikuteleza hata kidogo."

Niliacha kazi kabla ya mwaka kuisha. Nina miaka arobaini na kitu, mikono yangu ingali na nguvu, na tangu hapo nimehamahama, kutoka mji hadi mji. Ninyi mnaoanza leo mna vifaa vya kupimia ambavyo sisi hatukuwa navyo. Ufungueni mlango mpaka mwisho hata hivyo, hata kama ni lazima lori la jirani lisogezwe.

Vijana wakiniuliza kwa nini nilistaafu mapema hivi, nawajibu, masikio. Wananihurumia, wanadhani nimekuwa kiziwi, kumbe nilimsikia mzee neno kwa neno.