Mizunguko Miwili

Shangazi yangu ni dobi wa hospitali, na huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili. Mashuka ya wodi zote nne yanapita mikononi mwake, na ncha za vidole vyake zimeshababuka kwa dawa ya madoa. Huyaanika pembeni mwa uwanja ulio nyuma ya wodi ya wazazi, kwa sababu kwingine kote ni kivuli cha majengo. Hapohapo ndipo helikopta ya dawa hutua kila Jumanne.

Kwa miaka kumi na moja Shangazi na rubani wa zamani walitumia uwanja huo bila ugomvi. Rubani huyo tulimpa jina la Mizunguko, maana hakushuka kamwe kabla ya kuzunguka mara mbili. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa Shangazi, aanue mashuka. Wa pili ulikuwa wa kina mama wanaongoja kliniki kwenye banda la kando ya uwanja, waingie ndani na watoto wao. Hapo ndipo aliposhuka, taratibu, upande ulio mbali na banda. Hakuna aliyemlazimisha. Siku moja alimwambia Shangazi, "Mama, nikishawasha injini, kila aliye chini ni mgeni wangu."

Akastaafu. Akaletwa mwingine, miwani myeusi, viatu vinang'aa.

Jumanne yake ya kwanza, Shangazi aliposikia mlio alianza kuanua bila haraka, kama kawaida yake. Mama mmoja mwenye kichanga cha wiki tatu alikurupuka kwenye benchi. Shangazi akamtuliza: "Kaa tu mwanangu, usihangaike. Huyu huzunguka mara mbili kwanza."

Hakuzunguka hata mara moja. Alikuja moja kwa moja na kushuka upande wa banda. Upepo ukang'oa bati la paa, likaruka kama karatasi. Yule mama alimkumbatia mtoto na kuligeuzia bati mgongo. Mtoto hakuguswa. Mama alishonwa nyuzi kumi na nne begani.

Na rubani? Alitoka anafoka! "Nani kaanika mashuka hapa? Mnataka kutuua?" Eti shuka moja lilipeperuka karibu na mapanga ya helikopta. Mtu anavuja damu hatua ishirini kutoka alipo, yeye anauliza habari za shuka! Mimi hutunza mafaili hospitalini hapo, nilikuwa dirishani, na sijawahi kutamani kumzaba mtu mzima kibao kama siku ile.

Kesho yake Shangazi aliitwa ofisini kwa mganga mkuu, nami nikaambiwa nilete faili lake. Rubani alikuwa ameketi, kakunja nne. Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa: "Mimi dobi nakiri kwamba ajali ilisababishwa na mashuka niliyoanika." Bila haya wala soni! Walitaka kumwangushia jumba bovu mwanamke aliyebakiza miaka miwili astaafu.

"Saini tu mama, yaishe," mganga mkuu alisema, macho kwenye meza. "Ukikataa nitalazimika kukusimamisha kazi. Tukiwaudhi hawa wenye helikopta, dawa zitatufikiaje?"

Shangazi alimgeukia rubani. "Baba, kabla hujashuka uliona nini?"

"Uwanja."

"Na watu?"

"Mama, mimi nina ratiba."

"Nimekuuliza watu."

Akatazama saa yake.

Shangazi alichukua kalamu, akaigeuza ile karatasi na kuandika nyuma, polepole: "Nilimwambia yule mama akae. Nilidhani anayetua huangalia chini." Akasaini. "Kosa langu ni hilo," akasema, "na nimekwenda wodini kumwomba radhi mwenyewe. La kwake aandike yeye, nafasi imebaki."

Rubani hakuandika. Jioni ileile Shangazi akakabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi.

Jumanne iliyofuata Shangazi alikuja hospitalini hivyohivyo, barua au hakuna barua. Alichukua shuka moja jeupe, akasimama nalo katikati ya uwanja, kalikamata kwa mikono miwili. Helikopta ilikuja moja kwa moja, ikamwona, ikapanda juu tena.

"Toka hapo mama, utakufa!" mganga mkuu alipiga kelele dirishani.

"Mwambie yeye!" Shangazi alimjibu. "Mwenye mashine ni mimi?"

Helikopta ikazunguka. Shangazi akainua kidole kimoja juu, wote tukione. Ikazunguka tena. Akainua viwili, kisha akageuka kutazama banda. Wa mwisho kuingia ndani alikuwa yule mama wa kichanga, bega limefungwa bendeji. Shangazi alilikunja shuka mara nne, kama anavyoyakunja yote, akatoka uwanjani bila kukimbia.

Rubani akashuka upande wa mbali. Nilitazama saa ya ukutani: mizunguko yote miwili ilimchukua dakika tatu.