Sauti ya Muuguzi wa Mizani

Hebu mwone muuguzi akiingia kliniki asubuhi: kabla hata hajavua mtandio, anaburuta benchi pana hadi karibu na mlango. Viti vya plastiki huwabana wagonjwa wake wanene, na kikimvunjikia mmoja, harudi tena. Mikono yake hulipangusa benchi taratibu, lakini sauti yake haina breki. Amezoea kutangaza uzito ili mwenzake aliye mezani auandike. Wiki iliyopita mizani ya kliniki ilishindwa kumpima mama mmoja mnene, muuguzi akampeleka stoo ya nafaka iliyo jirani, kwenye mizani ya magunia. “Usijali, mama, huku hatuonwi na mtu.” Mama akacheka: “Mradi usinishone mdomo kama gunia.” Akapanda. Muuguzi akasoma, na kwa mazoea akatangaza kwa sauti yake yote. Mlangoni wabeba mizigo wakageuka, mmoja akapiga mluzi. Mama alishuka polepole, akatafuta viatu vyake kwa miguu. “Asante, mwanangu,” akasema, akaondoka bila dawa.

Leo ndiyo siku ya mama huyo kurudi. Muuguzi amelipangusa benchi, analipangusa tena, jicho mlangoni. Na mama akitokea, muuguzi atamtazama kwa uso gani?