Kadi ya Redio Umaluta

Kila aliyeingia sebuleni kwa Oikawa Yasunari, awe msoma mita ya umeme au jamaa wa mbali aliyekuja msibani, alioneshwa kadi kabla ya kuoneshwa pa kukaa. Haikuwa kubwa kuliko kiganja. Ilichorwa mlima, kofia ya mchimba madini na jina la Redio Umaluta, redio ndogo ya wachimba bati huko Bolivia. Mkewe Fumie aliifuta vumbi kila Jumatatu. Kwa Wajapani wanaofuatilia mambo hayo, kadi ya Umaluta nchini ilikuwa moja tu, na ilikuwa hiyo.

Na ilikuwa ya uongo.

Yasunari aliipata akiwa na miaka kumi na sita, enzi ambazo kila mvulana pale mjini Kuji alikuwa akilala na redio ya mawimbi mafupi kifuani. Mchezo wao ulikuwa na taratibu zake. Unaisaka redio ya mbali, unaiandikia barua kueleza ulichosikia na saa uliyokisikia. Wao wanalinganisha na daftari lao, na ukiwa mkweli wanakutumia kadi. Sheria moja hakuna aliyeiruka: kama hukuisikia redio ikijitaja jina, basi hukuisikia kabisa.

Aliyeisikia Umaluta alikuwa Shirato, mwanafunzi mwenzake. Asubuhi aliingia darasani akitetemeka kwa furaha, akamsomea Yasunari daftari zima: jogoo anawika, zumari, salamu kwa wachimbaji, jina. Shirato wa watu akasubiri hadi Jumapili ili aandike kwa mwandiko mzuri, kamusi ya Kihispania pembeni. Yasunari hakusubiri chochote. Barua yake ilifika posta siku ileile, kila neno limetoka kwenye daftari la mwenzake.

Baada ya miezi mitano kadi ikaja, moja tu.

"Yangu imepotelea njiani," alisema Shirato. "Lakini hongera, bwana. Bora imekuja darasani kwetu."

Hongera hiyo ilimtafuna Yasunari miaka arobaini na mitatu. Angeweza kusema. Hakusema. Badala yake kila majira ya baridi aliisaka Umaluta mwenyewe, akijiambia kwamba siku akiisikia kadi itakuwa halali na moyo utatulia. Alitandaza waya mrefu wa antena hadi ng'ambo ya shamba la figili. Alisikia Peru, alisikia Ekwado, alisikia mpaka watu wa baharini wakigombana. Umaluta hakuipata hata siku moja.

Desemba hiyo, siku ya Jumatatu, Shirato alipiga simu.

"Umesikia, mzee? Umaluta wanafunga Jumamosi. Mgodi umekufa, na redio inaufuata. Wewe una bahati, una kumbukumbu yako ukutani."

Yasunari alikata simu, akakaa chini sakafuni, akamweleza Fumie yote. Fumie alimsikiliza akiwa kitandani, mrija wa oksijeni puani. Mapafu yake yalikuwa yamekakamaa. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akiishi kwa mashine iliyonguruma kando ya kitanda mchana na usiku.

"Ngoja kwanza," alisema. "Miaka thelathini na tano nafuta vumbi uongo?"

"Ndiyo."

"Na ile siku baba alipositasita kunioza, ukaitoa mfukoni ukamwonesha ulivyo mtu makini, ndiyo hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

Fumie alicheka hadi kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia alikuwa hacheki tena. "Basi isikie, mume wangu. Siku tano zimebaki. Isikie, halafu umpigie Shirato."

Kusema ni rahisi. Umaluta ilifungua matangazo alfajiri ya kwao, ambayo kwa Kuji ni saa kumi na mbili jioni, na ilijitaja jina saa kumi na mbili na nusu. Baadaye jua la Bolivia lilichomoza na mawimbi yakafa. Jumanne Yasunari alizima friji, taa, televisheni na sufuria la umeme la wali, akaiwasha redio kwa betri. Ngurumo tupu. Vyote vilikuwa vimezimwa isipokuwa mashine ya oksijeni, na umeme wake ndio uliokuwa ukiingia redioni na kuziba kila kitu. Alhamisi alichukua redio akaenda pwani kwa gari. Waya mfupi wa gari haukumletea kitu. Alirudi na theluji mabegani, akaweka hedifoni chini.

"Kuna mtungi," alisema Fumie. Ulikuwa mtungi mdogo wa oksijeni wa kwendea hospitali.

"Sitaki kusikia."

"Nizimie mashine, nitumie mtungi."

"Nimesema sitaki kusikia, Fumie!"

"Hutaki kusikia, na kutwa umevaa hedifoni," alisema mkewe, akageukia ukutani.

Jumamosi alienda kwa jirani yao, bibi Konno, kumwomba azime zulia lake la umeme kwa dakika arobaini.

"Nikiganda utanizika wewe," alisema bibi Konno, lakini alikwenda kuchomoa waya.

Saa kumi na mbili kasorobo Yasunari aliketi mezani, tochi, penseli na karatasi mbele yake. Alijua hatasikia kitu. Alivaa hedifoni kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Ghafla ngurumo ikakatika.

Aligeuka. Fumie alikuwa ameketi kitandani, ameshazima mashine kwa mkono wake, mrija ameuhamishia kwenye mtungi uliolala mapajani.

"Umejaa?" aliuliza Yasunari.

"Umejaa." Kiganja chake kilikuwa juu ya kipimo. "Tunabishana au unasikiliza?"

Mungu amsamehe, alisikiliza.

Saa kumi na mbili kamili jogoo akawika. Yasunari aliuma mkono wake mwenyewe. Zumari zikafuata, nyembamba, zikija na kuondoka, kisha mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza akaanza kuwasalimu watu mmoja mmoja kwa majina. Alikuwa akiwaaga. Kihispania cha Yasunari kilikuwa cha kuokoteza, lakini kulia hakuhitaji kamusi. Aliandika, penseli ikavunjika, akaandika kwa kipande. Machozi yalilowesha karatasi na hakujali. Mvulana wa miaka kumi na sita alikuwa hatimaye anafanya alichosema alifanya.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane mtangazaji alinyamaza, wimbo wa mgodi ukaanza. Baada ya wimbo, jina. Yasunari aligeuka amwoneshe mkewe dole gumba, na mwanga wa tochi ukaangukia uso wake.

Midomo ya Fumie ilikuwa na rangi ya bilinganya. Hakuita. Alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili, macho kwa mumewe, akitikisa kichwa taratibu: endelea, endelea.

Yasunari aliangalia saa.

Hilo hatajisamehe. Hakuiangalia kwa muda mrefu, pumzi mbili hivi, lakini zilikuwa pumzi mbili ambazo mkewe hakuwa nazo. Ndipo akaruka, hedifoni zikang'oka redioni, akaikimbilia mashine na kubonyeza. Nyuma yake, kwenye spika, yule mwanamume alisema, "Hii ni Redio..." na ngurumo ikameza vingine vyote.

Aliurudisha mrija kwenye mashine, akamsugua Fumie mgongo, akamwita kwa jina kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya mto. Ilichukua muda. Rangi ilirudi kidogo kidogo. Mtungi ulibingirika sakafuni, na Yasunari aliuona mshale wa kipimo ukiwa sifuri. Akakumbuka hospitali juma lililopita, foleni ya saa tatu nzima, mtungi huohuo mgongoni mwake. Haukuwa umejazwa tena tangu siku hiyo, na Fumie alilijua hilo alipoweka kiganja juu ya kipimo.

"Walitaja?" alinong'ona Fumie.

Redio ilikuwa bado inanguruma. Yasunari alinyoosha mkono akaizima.

"Walitaja," alisema. "Niliisikia wazi kabisa."

Fumie alifumba macho, akatabasamu. "Basi sasa ni yako. Mpigie Shirato."

"Nitampigia kesho."

Hakumpigia. Jumatatu Fumie hakuweza kusimama, kwa hiyo alimwomba mumewe amletee kadi kitandani. Aliifuta vumbi pole pole, kioo na kona zote nne za fremu, akamrudishia aitundike mahali pake.

"Inyooshe kidogo," alisema. "Nataka niione vizuri."

Yasunari akainyoosha.