Kitu Kilicholala Njiani

Mume wangu alijifunza udereva jeshini, akapelekwa vitani Burma, na aliporudi Bagamoyo hakujua kazi nyingine. Aliponioa, miaka michache baada ya Uhuru, alikuwa akiendesha lori la tajiri mmoja, akipeleka mbata, nazi zilizokaushwa, Dar es Salaam. Watu walimsifu kuwa halewi wala hakimbizi gari. Ila alikuwa akichelewa mno, na sababu hakuisema.

Niliijua siku niliyopanda naye kwenda kumtazama dada yangu kijijini Zinga. Tulikuta gunia limelala barabarani. Akasimamisha lori, akashuka, akapiga magoti na kulipapasa taratibu, kama anayemgusa mgonjwa. Ndani mlikuwa na makumbi ya nazi. Akalisogeza kando, akarudi kwenye usukani jasho likimtiririka. Mbele kidogo palikuwa na mzigo wa kuni. Akashuka tena.

"Bwana, si ungepita pembeni tu?"

Tulipokaribia Zinga akapunguza mwendo, akasema:

"Kule vitani tulikwenda kwa msafara, mvua inanyesha, tumeamriwa tusisimame kwa lolote. Mbele yangu kikatokea kitu kimelala. Nikakipita juu. Gari likaruka kidogo, likaendelea. Mpaka leo sijui kama lilikuwa gunia au mtu."

Tajiri alichoshwa na kule kuchelewa, akamwachisha kazi. Hospitali ikamchukua aendeshe gari la wagonjwa. Mimi nilifurahi, maana ilikuwa kazi ya serikali. Sikufikiri kwamba gari lile halina ruhusa ya kusimama.

Asubuhi moja alikuwa akimwahisha Dar es Salaam mama mwenye uchungu, damu inamtoka, na nesi kule nyuma anapiga kelele, "Kaza mwendo, baba!" Njiani palikuwa na kitu kimelala. Hakusimama. Yule mama alifika, akajifungua salama, yeye na mtoto.

Wakati wa kurudi, mume wangu aliendesha polepole, akishuka hapa na pale kutazama vichakani. Hakuona kitu. Kesho yake akarudisha ufunguo, na hakushika usukani tena maisha yake yote.

Akawa anasokota kamba barazani kwetu, mtaa wa Dunda. Kila aliyetoka upande wa barabara ya Dar es Salaam, baada ya salamu, mume wangu alimwuliza, "Huko kwenu hakuna msiba?"

"Hakuna, mzee. Wote wazima."

"Alhamdulillahi," alikuwa akisema, kisha akimngoja mwingine apite, amwulize.